Nukta za Mama Kavuo

Ukikutana na Mama Kavuo, angalia kidole kidogo cha mkono wake wa kushoto. Kimepinda kwenye kiungo cha mwisho na hakinyooki hata akikikandamiza mezani. Kwenye kibodi ya Kifaransa nukta haitoki mpaka ushikilie kitufe cha herufi kubwa, na yeye hukishikilia kwa kidole hicho. Nukta moja haimchoshi mtu. Lakini Mama Kavuo alikuwa akiandika nukta kwa mistari, kutoka kichwa cha sura upande wa kushoto mpaka nambari ya ukurasa upande wa kulia, mstari chini ya mstari, kurasa tatu nzima. Hiyo ndiyo orodha ya yaliyomo. Butembo ina wachapaji wengi, na wanafunzi walikuwa wakiwapita wote kwenda kupanga foleni kwake kwa ajili ya orodha hiyo tu.

Mimi ni Grady, mkaguzi wa kilimo. Nilizaliwa Kisangani, serikali ikanituma Beni, na nilipofikisha miaka arobaini na moja nikaingiwa na wazimu wa kumaliza masomo niliyoyaacha ujanani. Mémoire yangu, yaani tasnifu ya kumalizia masomo, ilihusu jinsi wakulima wa Mangina wanavyochachusha kakao. Ilipaswa kufika ofisi ya kitivo, hapa Butembo, Ijumaa kabla ya saa sita mchana, nakala tatu zilizojalidiwa. Ikichelewa ningesubiri mwaka mzima, na tayari nilikuwa nimesikia kwamba jina langu lipo kwenye karatasi ya wanaohamishiwa jimbo lingine. Nikihamishwa kabla ya kumaliza, kazi ya miaka mitatu ingebaki kwenye mfuko wa plastiki mpaka nife. Nayasema haya mapema ili unielewe nitakapokosa adabu, maana nilikosa.

Jumanne asubuhi nilipanda kutoka Beni kwa pikipiki, masikio yameganda. Watu wa Butembo wanaiita ile baridi yao hewa safi. Begani nilikuwa na mémoire yangu, aliyokwisha kuichapa Mama Kavuo, sasa imejaa wino mwekundu wa msimamizi wangu, mtu ambaye hajawahi kuona sentensi akaiacha kama ilivyo. Nilimkuta Mama Kavuo ameweka kiganja juu ya laptop yake kama anayempima mtoto homa.

"Imekufa," akasema. "Courant ya umeme ilikuya na nguvu sana, ikaimaliza."

"Na kitabu yangu?"

"Iko ku flash, papa inspecteur. Hapana ogopa. Mashini ndiyo imekufa, kitabu iko muzima."

Niliogopa hata hivyo. Wachapaji wengine walikuwa na foleni mpaka barabarani, na hata wangekuwa wazi, hakuna aliyeweza kusoma mwandiko wa msimamizi wangu isipokuwa Mama Kavuo. Ameusoma miaka mingi, kwenye kazi za wanafunzi wa huyo bwana.

Mama Kavuo alizaliwa Vuhovi, kwa wakulima wa maharage. Masista walimfundisha kuandika kwa mashine ya chuma, ile iliyokuwa ikipiga kengele mwisho wa mstari. Huko ndiko alikojifunza hesabu ya nukta: unahesabu herufi za kichwa, unahesabu tarakimu za ukurasa, unatoa kwenye urefu wa mstari, zinazobaki ni nukta. Utepe wa wino ulipoadimika mjini, mume wake, Kasonia, aliyekuwa akifanya biashara Kasindi, alimletea laptop iliyokwisha kutumika Ubelgiji. Kengele ikanyamaza, ila Mama Kavuo aliendelea kuhesabu. Alifanya hivyo kwa miaka kumi na minne kwenye laptop ileile, mpaka Jumanne ile ilipokufa.

Ana ugonjwa mmoja, nao unachekesha mpaka ukukute una haraka. Anasoma kila kitu. Karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi la dawa, maandishi ya gunia la mchele, onyo la wino wa printa lililoandikwa kwa lugha nne, mbili kati yake hazijui. Siku moja nilimuuliza anapata nini. Akanijibu, "Mutu alikaa akaandika, donc alitaka mutu asome." Nikaona ni jibu la mtu asiye na kazi, na ninakiri nilimcheka kimoyomoyo.

Jumatano tulikwenda kwa Delphin, kijana anayeuza laptop karibu na soko. Siku hizi maduka ya namna hiyo yamejaa mashine ndogo za bei ya chini. Nyingine ni mpya na nyepesi, nyingine Ulaya wamezichoka kwa sababu haziwezi kubeba Windows ya sasa, na zote zinaishia kwetu kupitia Kampala. Mnunuzi wa kawaida anaiwasha, anaangalia kama rangi zinang'aa, anauliza kama ina Windows, analipa. Mama Kavuo si mnunuzi wa kawaida. Baba yake hakununua jembe bila kulijaribu kwa kulima mistari miwili nyuma ya duka, na binti amerithi.

"Niletee tatu zenye bei iko karibu karibu," akamwambia Delphin. "Lakini zisikuwe ndugu."

Delphin akacheka, akaelewa. Akapanga tatu juu ya meza. Ya kwanza ilikuwa mpya, ya Windows. Ya pili ilikuwa Chromebook, nyepesi kama sahani, ambayo kazi zake nyingi hupenda kufanyia kwenye internet. Ya tatu ilikuwa nzee, ina mkwaruzo kwenye kifuniko, na kwa kuwa haikuweza tena kubeba Windows mpya, Delphin mwenyewe alikuwa ameitia Linux, ambayo hupatikana bure na haihitaji nguvu nyingi.

"Hii Linux batu banaikimbia," Delphin akasema. "Banasema hapana kompita ya kweli. Mais inatembea."

Mama Kavuo akatoa flash shingoni, akavaa miwani, akachomeka kwenye ya kwanza. Alikuwa na swali moja tu kwa kila mashine: kitabu changu kina kurasa ngapi? Kwenye laptop yake iliyokufa kilikuwa na themanini na nne.

Ya Windows ilichukua muda kuamka, kwa kuwa kumbukumbu yake ilikuwa ndogo, lakini ilipoamka ikasema themanini na nne. Orodha ya yaliyomo ikasimama wima, nukta zote mahali pake. Nikasema, basi, twende. Mama Kavuo akajaribu kufuta neno moja. Neno halikufutika. Programu ya kuandikia haikuwa na leseni. Ilikubali kusomwa tu.

"Leseni iko na mwenzangu wa Beni," Delphin akasema. "Atakuya Lundi."

"Jumatatu mi nitakuwa nimekufa," nikamwambia.

Chromebook iliamka kabla Mama Kavuo hajamaliza kurekebisha miwani. Akaipenda, niliona. Ikaomba akaunti, Delphin akaweka ya kwake. Ikaomba mtandao, akaipa wa simu yake, na mtandao wa Butembo siku hiyo ulikuwa unakuja na kuondoka kama mgeni asiyejua nyumba. Kitabu kikafunguka kwa vipande. Kurasa tisini na moja. Mistari ya nukta ilikuwa imekatika, nambari zimeangukia mstari wa chini, na sura ya tatu ilianza katikati ya ukurasa.

"Eeh," akasema Mama Kavuo, akisogeza uso karibu. "Inakuwa sababu gani? Maneno ni yaleyale."

"Haina mwandiko uleule, mama," Delphin akasema. " Herufi zake ziko na unene ingine. Na wewe uliandika nukta kwa mukono, ukashuka ukurasa kwa kubonyeza bonyeza. Ukibadilisha kompita, bitu yote inakimbia."

Nilitegemea aone aibu. Hakuona aibu hata kidogo, alifurahi kama mtu aliyeelezwa kwa nini mto unapinda. Akataka kujua kila herufi ina unene gani. Mimi nilikuwa naangalia saa.

Ya Linux ilifungua kitabu bila mtandao na bila leseni. Kurasa themanini na saba. Juu ya kitabu kikajitokeza kidirisha kidogo cha Kifaransa: ushauri wa leo, na chini yake maelezo ya namna ya kupaka rangi safu za jedwali. Hatukuwa na jedwali lolote.

"Funga hiyo kitu," nikasema.

"Ngojea nisome."

"Batu bote banafungaka," Delphin akaniunga mkono mimi mwenye haraka. "Kila siku inaleta ingine. Iko fasi ya kubonyeza juu isirudie. Kwa zingine nimebonyeza, hii nimesahau."

"Hapana bonyeza," akasema Mama Kavuo, akasoma mpaka mwisho, kisha akajaribu kufuta neno. Likafutika. Akaandika lingine, likaandikika.

Tukaondoka na hiyo. Mama Kavuo hakuinunua. Alimwachia Delphin kadi yake ya uchaguzi kama dhamana na kumwambia atampa jibu Ijumaa, baada ya kuilimia kama jembe la baba yake. Delphin akakubali bila ubishi. Ndivyo wanavyofanya pale, na nadhani mtu wa Kisangani angeomba mashahidi.

Alhamisi nzima alichapa masahihisho. Asubuhi kidirisha kilileta ushauri kuhusu alama za kunukuu, akausoma. Nilikaa kwenye benchi nikimsomea mstari, yeye akinisahihisha ninapokosea mwandiko wa msimamizi wangu. Saa nane mchana akaanza orodha ya yaliyomo upya, kwa sababu nambari zote za zamani zilikuwa zimekuwa uongo. Vichwa sitini na kimoja. Alihesabu kwa sauti ndogo, kwa Kinande, na kila baada ya mistari kumi alikivuta kile kidole kwa mkono mwingine. Saa kumi na moja jioni ilikuwa imekamilika. Ilikuwa nzuri. Nilitaka kulia kwa furaha, nikajikaza kwa sababu ya cheo changu.

Ijumaa saa moja asubuhi msimamizi alinipigia simu. Alikuwa amekumbuka kwamba sura ya kwanza haina ramani ya Mangina, na kwamba kitivo kitairudisha mémoire isiyo na ramani. Ramani inachukua ukurasa mzima. Kuanzia sura ya kwanza kila kitu kingesogea, vichwa vingine ukurasa mmoja, vingine miwili.

Nilimkuta Mama Kavuo anafagia. Nilimweleza nikiwa bado nimesimama mlangoni. Aliweka ufagio chini taratibu.

"Orodha yote," akasema.

"Yote."

"Jana ilinichukua saa tatu. Kisha kuimprimer ku karatasi mara tatu, kisha kujalidi."

Tukahesabu pamoja. Haikutosha. Akaketi hata hivyo, akawasha mashine, akafungua kitabu ili aingize ramani kutoka kwenye simu yangu. Na kile kidirisha kikajitokeza.

"Mama, funga hiyo kitu. Noki noki, haraka!"

Nilipaza sauti. Huyo mama ana umri wa dada yangu mkubwa, na alikuwa akiniokoa. Hakugeuka. Akasogeza miwani, akasoma, midomo ikitembea. Nilinyoosha mkono nikifunge mwenyewe, akanigonga vidole kwa kalamu.

"Hapana gusa," akasema. Kisha, baada ya muda, "Papa inspecteur, soma hii."

Niliisoma. Ilisema kwamba ukiitambulisha mistari ya vichwa kuwa ni vichwa, kwa mtindo uliopo kwenye orodha ya juu, mashine inaweza kukutengenezea yaliyomo yenyewe.

"Yenyewe," akarudia. "Na nukta?"

"Sijui, mama. Hatuna muda wa kujua."

"Tuko na nafasi moja tu. Kwa mukono nitashindwa, hiyo najua. Kwa hii sijue. Acha tuone."

Akaingiza ramani, akaanza. Alisimama kwenye kila kichwa, akachagua mtindo wake, Kichwa cha kwanza au Kichwa cha pili, vyote sitini na kimoja. Nilikuwa navisoma kwenye karatasi, yeye anabonyeza. Dakika arobaini. Kisha akaifuta orodha ya jana, kurasa tatu za nukta alizozihesabu kwa Kinande. Akafumba macho wakati wa kuifuta. Akaenda mahali kidirisha kilipomwelekeza, akabonyeza.

Orodha ikatokea. Vichwa kushoto, nambari kulia, na katikati nukta, mistari na mistari ya nukta, zimenyooka kama mtu amezipanga kwa uzi. Nilifungua kurasa tano kwa kubahatisha. Nambari zote zilikuwa za kweli.

Nikasema tuchapishe. Yeye akarudi mwanzo wa kitabu, akaongeza mistari mitupu ishirini, akarudi kwenye orodha, akaiamuru ijisahihishe. Nambari zikasogea. Akaifuta ile mistari, akaamuru tena. Zikarudi. Akafanya hivyo mara tatu, huku mimi nikizunguka chumba nikishika kichwa, na sijawahi kumwona mtu mzima mwenye uso ule. Alikuwa kama mtoto aliyegundua swichi ya taa.

Saa tano na dakika hamsini karani wa kitivo alipiga muhuri kwenye nakala zangu tatu. Aliifungua orodha ya yaliyomo, akapitisha kidole juu ya nukta.

"Hii ni ya Mama Kavuo," akasema.

Nikasema ndiyo.

Nilirudi kumshukuru. Nilikuwa nimenunua kuku, kwa kuwa maneno peke yake niliyaona madogo baada ya kelele zangu za asubuhi. Delphin alikuwa ameshafika kuchukua jibu, na zile mashine mbili alikuja nazo kwenye begi, maana alijua mteja wake. Mama Kavuo alikuwa amezipanga tena mezani, zote tatu zimewashwa.

"Wasingya, papa," akanishukuru kwa ajili ya kuku, bila kuondoa macho mezani. Nikamwomba msamaha. Akasema alikuwa ameshasahau, na nadhani ni kweli. Akili yake ilikuwa kwingine. "Delphin, nionyeshe. Hii ya Windows, inajua kufanya orodha yenyewe?"

"Inajua, mama. Iko hapa juu."

"Na ile nyepesi?"

"Nayo inajua."

Akaisogeza ile nyepesi pembeni.

"Na ile yangu? Yenye ilikufa?"

Delphin ni kijana mzuri, lakini hakuona swali lilikokuwa linaelekea. "Ile pia, mama. Tangu siku bwana yako aliileta. Ilikuwa fasi ileile, juu, ku kuume. Hata ile ya zamani zaidi ilijua."

Nilitamani angesema uongo. Mama Kavuo aliangalia kona ya chumba, mahali alipoiweka laptop iliyokufa, imefunikwa kitambaa cha kitenge. Kisha akaangalia mkono wake wa kushoto. Iliniuma. Nilifikiria wanafunzi wa miaka kumi na minne, kila mmoja na kurasa zake tatu. Alikikamata kile kidole kidogo, akakivuta kama anavyofanya siku zote, na hakikunyooka.

Delphin akaendelea, kwa sababu yeye ni muuzaji. "Donc, mama, zote zinajua, zote zinafanana. Mi nakushauri chukua Windows. Lundi nitaiwekea leseni, batu bote biko nayo, hutapata matatizo. Ao kama unatafuta mbio, chukua hii nyepesi, utalipa internet kidogo. Hii nzee, kusema kweli, nilikupatia juu ya kukusaidia tu."

Mama Kavuo akaivuta ile nzee, yenye mkwaruzo kwenye kifuniko, akaiweka mbele yake.

"Hii."

"Mais juu ya nini? Nimekuambia zote zinajua."

"Ile yangu tumekaa nayo miaka kumi na ine," akasema. "Ilikuwa inaniona nikihesabu. Ilijua, ikanyamaza. Hii imeniambia siku ya tatu."

Delphin akanitazama, mimi nikatazama kuku. Kisha akatoa kadi ya uchaguzi mfukoni, akamrudishia.